Nasaha za mahafali: umfuate Conan, Ellen au Jim Carrey?

Msimu wa mahafali ya kidato cha nne unapokaribia, hapa Tanga simu huanza kulia. Shule inamtafuta mwanafunzi wake wa zamani, mtu ambaye mambo yamemkalia vizuri kidogo na mdomo wake si mzito, aje awape wadogo zake nasaha. Anakubali haraka, kisha woga unamwingia, na usiku anafungua YouTube kuangalia jinsi wachekeshaji wa Marekani wanavyozungumza na wahitimu wa vyuo. Naona anatafuta mahali sahihi. Mchekeshaji amezoea kusimama mbele ya watu wasiomjua. Usiku mmoja wanampokea, usiku mwingine wanamnunia, na kila akinuniwa hurudi nyumbani kutafuta ni neno lipi lililomwangusha. Viongozi wetu wengi hupigiwa makofi hata wakiboa, kwa hiyo hawapati nafasi ya kujifunza hivyo.

Shida ni kwamba mtu huchukua hotuba iliyomchekesha zaidi akiwa amejilaza na simu yake. Conan O'Brien, Ellen DeGeneres na Jim Carrey wote wamesifiwa kwa walivyozungumza kwenye mahafali, lakini kila mmoja huishika hadhira kwa njia yake, na njia mbili kati ya hizo tatu zinaweza kukuharibia siku chini ya turubai la Chumbageni.

Tuanze na wanaosikiliza, maana uchaguzi wote unategemea hapo. Mhitimu wa chuo cha Marekani siku ile amekwisha maliza. Wa kwetu anaagwa Septemba au Oktoba, na Novemba anaingia kwenye mtihani wa taifa. Anakupigia makofi huku kichwani ana kanuni za fizikia. Nyuma yake amekaa mama, baba, shangazi aliyetoka Pangani alfajiri, na bibi aliyeletwa kwa bajaji. Meza kuu ina mgeni rasmi, mkuu wa shule, wajumbe wa bodi, sheikh na mchungaji waliofungua shughuli kwa dua na sala. Ikifika zamu yako, risala yenye ombi la matundu ya vyoo imeshasomwa, ngonjera imeshapita, mgeni rasmi ameshaahidi mifuko ya saruji, na jua la saa nane limewafanya wahitimu wafungue vifungo vya shati ndani ya majoho ya kukodi. Pilau inanukia. Na wasemaji wote waliokutangulia wameanza kwa orodha ya vyeo na kumalizia kwa "itifaki imezingatiwa".

Conan alizungumza chuo cha Dartmouth, jimbo la New Hampshire, Juni 2011. Januari ya mwaka uliotangulia alikuwa amekipoteza kipindi alichokitamani maisha yake yote, The Tonight Show, baada ya kukiendesha kwa miezi saba tu, na Marekani nzima ilikuwa inatazama. Alipanda jukwaani watu wakilijua jeraha lake kabla hajafungua mdomo. Kwa muda mrefu hakuligusa. Aliwatania wazazi kwamba watoto waliokuwa hawaonekani kwa miaka minne sasa watawaona kila siku, wakitoka chumba cha chini ya nyumba kuja kulalamika kwamba intaneti haishiki. Aliitania hata mimbari aliyosimama nyuma yake, iliyochongwa mfano wa gogo la mti.

Utani wake wa kusoma kwa makini ni ule wa George H. W. Bush. Rais huyo wa zamani, mzee wa zaidi ya miaka 80, alikuwa amekaa nyuma yake jukwaani. Conan alimtaja kwa heshima zake, rais anayeheshimika na shujaa wa vita, kisha akasema kwamba pamoja na mtu wa namna hiyo kuwepo, aliyepewa kazi ya kugawa hekima ni yeye, mtangazaji wa televisheni ya kebo, na akaomba asije akaona mfano mbaya kuliko huo wa jinsi Marekani ilivyoharibika. Tazama dongo lilipotua. Mzee amepanda, msemaji ameshuka, na hadhira imecheka bila mtu yeyote kuvunjiwa heshima.

Sisi mchezo huu tumezaliwa nao. Mtani wa kabila huingia msibani akamlaumu marehemu kwa kuondoka na madeni, wafiwa wakacheka na machozi yakiwa bado machoni. Babu humwita mjukuu wake mchumba na hakuna anayeshtuka. Wanaosema hayo wana ruhusa, na ruhusa hiyo ikikosekana, maneno yaleyale huwa matusi. Conan hakuwa na utani wa jadi na Bush, akajitengenezea ruhusa papo hapo kwa kuchukua pigo yeye mwenyewe. Kwa hiyo ukimfuata Conan, mfuate hadi mwisho: mtaje mheshimiwa kwa cheo chake, kisha kicheko kirudi kwako uliyesimama. Ukimtania mgeni rasmi kwa tumbo lake, au kwa saa mbili alizochelewa, watu wataangua kicheko kweli. Lakini juma linalofuata mkuu wa shule atapeleka barua ya ombi la madarasa kwenye ofisi ya mtu huyohuyo. Wewe utakuwa umesharudi Dar.

Baada ya utani wote ule, Conan aligeuka. Alikumbusha kwamba mwaka 2000 alizungumza na wahitimu wa Harvard, chuo alichosoma yeye mwenyewe, akawaambia wasiogope kushindwa. Sasa, baada ya yaliyomkuta, alikuwa na la kuongeza: usiogope kushindwa, lakini fanya kila uwezalo usishindwe. Akamgusa mwanafalsafa Nietzsche, aliyesema kisichokuua hukuimarisha, akasema mwanafalsafa huyo alisahau kusisitiza kwamba kitu hicho karibu kikuue.

Hapa ndipo ninapoona ushawishi wake wote ulipo. Anaurekebisha ushauri wake wa zamani hadharani, na anaonyesha umemgharimu nini. Linganisha na nasaha tulizozizoea, zile za "kufeli ni ngazi ya mafanikio". Mtoto anayeingia chumba cha mtihani majuma machache yajayo, ambaye akipata sifuri huenda ndiyo mwisho wa shule kwake, hastahili kuambiwa kwamba kufeli ni baraka. Anayemwambia hivyo mara nyingi hajawahi kufeli kitu kilichomuuma. Sentensi ya Conan inamfaa mtoto wa Tanga kuliko hata ilivyowafaa wale wa Dartmouth, ambao siku ile walikuwa hawana tena mtihani wa kuogopa.

Hoja yake kubwa, kwa upande mwingine, haisafiri vizuri. Alisema kila mchekeshaji alitaka kuwa yule aliyemtangulia: Johnny Carson alitaka kuwa Jack Benny, David Letterman alitaka kuwa Carson, na kizazi chake yeye kilitaka kuwa Letterman. Hakuna aliyefanikiwa, na kule kukosa ndiko kulikompa kila mmoja sura yake. Ni hoja ninayoipenda sana. Lakini bila majina ambayo hadhira imekua nayo, inabaki maneno matupu, na majina hayo huwezi kuyapachika dakika za mwisho. Zaidi ya hapo, hotuba inapita dakika 20 na sehemu yake kubwa ni utani mfululizo. Hilo ni jambo la mtu aliyelifanyia kazi miaka mingi. Asiye na uzoefu huo, mzaha wa tatu ukidoda anaanza kutokwa jasho, na hadhira inaanza kumhurumia. Ukishahurumiwa, hakuna atakayekusikiliza.

Ellen DeGeneres alizungumza chuo cha Tulane, New Orleans, Mei 2009, kwa dakika kama kumi. Wahitimu wale walikuwa na historia yao. Agosti 2005 walifika chuoni na masanduku yao, na siku ileile ya kuhamia bwenini wakaambiwa waondoke, kimbunga kinakuja. Katrina ilipiga tarehe 29, chuo kikafungwa muhula mzima, wakarudi Januari. Ellen naye ni mzaliwa wa Metairie, mji ulioshikana na New Orleans. Alikuwa mtu wa nyumbani anayezungumza na watoto waliorudi kwenye mji ambao wengine waliukimbia. Ukaribu wa namna hiyo haununuliwi kwa mzaha wowote. Mtu aliyesoma kwenye shule hiyohiyo ya kata, akachota maji kwenye kisima kilekile, anao tayari. Kosa la wengi ni kuutupa kwa kuanza kueleza vyeo vyao vya sasa.

Ellen hakuwa na shahada na hakuficha. Alisema alipomaliza shule alikuwa amepotea kabisa, akazitaja kazi alizofanya: kufungua chaza, kupokea wageni mgahawani, kuhudumia baa, kupaka rangi nyumba, kuuza mashine za kufyonza vumbi. Orodha yenyewe inachekesha. Kisha, kwa sauti ileile, bila kuwaonya watu kwamba sasa anakuja kwenye mambo mazito, akasimulia kwamba mpenzi wake alikufa kwa ajali ya gari. Wakati huo alikuwa akiishi kwenye chumba cha chini ya nyumba, godoro sakafuni, na chumba kimejaa viroboto. Akajiuliza kwa nini binti yule mzuri ameondoka na viroboto wamebaki, akatamani angeweza kumpigia Mungu simu amuulize. Akakaa akaandika mazungumzo ya simu hiyo. Maandishi hayo ndiyo yaliyokuja kumpeleka kwenye kipindi cha Johnny Carson mwaka 1986, akawa mwanamke wa kwanza katika fani hiyo kuitwa na Carson akae naye kwenye kochi baada ya kuchekesha.

Mtazame kiroboto katika simulizi hiyo. Msikilizaji anacheka kwa sababu kiroboto ni mdudu wa kuchekesha, na kabla kicheko hakijaisha anagundua kwamba mdudu huyo amembebea msiba. Angesema "nilipitia changamoto nyingi", hakuna ambaye angegeuza shingo. Kwetu neno hilo changamoto limetumika kwenye risala hadi limekauka. Kama ulipanga chumba Ngamiani ukalala na kunguni, wataje kunguni. Kama mtihani wa majaribio ulipata sifuri ya hesabu na mwalimu akakusomea mbele ya darasa, sema ni darasa gani na uelekeze kwa mkono, maana jengo lipo palepale, na watoto watageuka kuliangalia.

Kisha Ellen alifika kwenye kuanguka kwake. Mwaka 1997 alitangaza hadharani kwamba anapenda wanawake, mwaka uliofuata tamthilia yake ikaondolewa, na kwa miaka mitatu hakupigiwa simu ya kazi. Humo katikati alikuwa akipokea barua za vijana waliokaribia kujiua na hawakujiua. Hoja yake ikawa kwamba kupoteza kila kitu kulimwonyesha kipi ni cha muhimu. Anashawishi kwa sababu hakuruka kutoka kwenye msiba hadi kwenye ushindi. Ameacha miaka ya kungoja ionekane, na simu ambayo haikulia.

Nitasema wazi na upande wa pili. Kisa chake hicho hakiwezi kusimuliwa mbele ya meza kuu ya Tanga bila shughuli nzima kugeuka kuwa mjadala wa jambo jingine. Tena mwaka 2020 baadhi ya watu waliofanya kazi kwenye kipindi chake walilalamika hadharani kuhusu mazingira ya kazi, naye akaomba radhi hewani. Kwa mtu aliyejulikana kwa kuhimiza wema, hilo lilimpunguzia uzito. Ninalopendekeza uchukue ni mpangilio wake: kwetu ni pamoja, nilikuwa hivi, kikatokea hiki, nikangoja hivi, nikaendelea. Jina lake huna haja ya kulitaja kabisa.

Jim Carrey ndiye anayesambazwa zaidi kwenye magrupu ya WhatsApp, na ndiye ninayemwogopa zaidi. Alizungumza Mei 2014 kwenye chuo cha Maharishi huko Fairfield, Iowa. Kiini cha hotuba yake ni maneno machache kuhusu baba yake. Baba angeweza kuwa mchekeshaji mkubwa, ila hakuamini kwamba inawezekana, akachagua kazi ya usalama, uhasibu. Carrey akiwa na miaka 12, baba akaachishwa kazi hiyo ya usalama, na familia ikalazimika kufanya chochote ili iishi. Funzo: unaweza kushindwa hata kwenye kitu usichokipenda, basi bora ubahatishe kwenye unachokipenda.

Kama ufundi, sijui mahali pengine ambapo maneno machache yamefanya kazi kubwa hivyo. Hoja ina mtu ndani yake, ina mwaka, ina maumivu, na hitimisho linakuja lenyewe kabla hajalitamka. Lakini sasa geuka utazame viti vya plastiki vya nyuma. Baba aliyekaa pale amebeba mizigo bandarini, au yuko kiwandani Pongwe, au alikata mkonge, na kazi hiyo hakuichagua kwa kukosa ujasiri. Aliichagua ili mtoto avae joho hilo. Ukisimama ukasema kwamba wanaochagua kazi ya usalama wanajidanganya, umemwambia mtoto wake, mbele yake, kwamba baba alikosea. Carrey alimsema baba yake mwenyewe, na alimsema kwa upendo. Wewe unawasema baba za watu.

Yapo pia mazingira. Chuo kile kilianzishwa na Maharishi Mahesh Yogi, mwalimu wa kutafakari kutoka India, na kutafakari huko, yaani kukaa kimya na kutuliza akili, ni sehemu ya masomo yake, kwa hiyo Carrey aliweza kuzungumza kwa kirefu kuhusu nafsi na ulimwengu, akafunua na mchoro mkubwa alioupaka mwenyewe, na watu wakamfuata. Hotuba nzima inapita dakika 20. Ukiondoa kisa cha baba, sehemu kubwa iliyobaki ni ya hadhira ile.

Namna pekee ya kumtumia Carrey hapa ni kukigeuza kisa. Msimulie mzazi wako kwa ruhusa yake, na ukiweza, naye awepo. Eleza alichokiacha ili wewe usome, kisha uwaulize wahitimu kama wamewahi kuwauliza wazazi wao walitaka kuwa nani. Nguvu ya kisa inabaki, na baba wa nyuma ananyanyua kichwa.

Wapo watakaonitajia Tim Minchin, mchekeshaji na mwanamuziki wa Australia aliyezungumza chuo chake cha zamani, Chuo Kikuu cha Australia Magharibi, mwaka 2013, akatoa mafunzo tisa. La kwanza, kwamba si lazima uwe na ndoto kubwa, bora ujitume kwa bidii kwenye kilicho mbele yako, ni dawa kwa mtoto ambaye hajui atakuwa nani na amechoka kuulizwa. Lichukue. Baadhi ya mengine yamejengwa juu ya imani kwamba maisha hayana maana yoyote ya juu, na kwenye shughuli iliyofunguliwa kwa dua hayatafika popote.

Basi uchague vipi? Kama una ulimi wa kuzaliwa nao, watu hukuita kwenye harusi ushereheshe na hukosi, na mgeni rasmi ni mtu unayejua anavumilia mzaha, anza na Conan kwa dakika tatu, halafu mwache. Kama mzazi wako yuko hai na amekubali, kisa cha Carrey kilichogeuzwa kitawaliza watu, na machozi hayo yatakuwa ya haki. Kwa waliobaki, ambao ni wengi kuliko hao wote, chaguo langu ni mpangilio wa Ellen na ile sentensi moja ya Conan kuhusu kushindwa. Sababu ni muda, na vilevile ni kwamba mpangilio huo haukulazimishi uwe mchekeshaji. Unataka ukumbuke mambo madogo kwa usahihi na uyaseme kwa mpangilio, na hilo mtu yeyote anaweza kulifanyia mazoezi jioni chumbani kwake.

Jambo moja zaidi kuhusu mazoezi, kwa kuwa hadhira yetu ina tabia yake. Kwenye video za Marekani watu hucheka, hupiga makofi, hutulia. Watu wa Tanga hujibu. Kuna mama atapiga kigelegele katikati ya sentensi, kuna mhitimu atamalizia maneno yako, kuna mzee atasema "kweli kabisa" kwa sauti. Huu ni mji wa taarabu, uliotoa vikundi vya Black Star na Lucky Star, na watu wake wamekua wakisikiliza mafumbo, wanalidaka neno kabla hujalimaliza. Kwa hiyo usieleze mzaha wako, na usikimbilie sentensi inayofuata. Wakijibu, nyamaza wamalize. Ukiandika nasaha zako, acha mistari mitupu pale unapotarajia sauti zao, kusudi macho yako yakifika hapo yasimame.

Na uwe tayari kukatwa. Ratiba ikichelewa, mshereheshaji atakuja kukunong'oneza kwamba zile dakika kumi sasa ni tano. Hapo ondoa salamu ndefu, ondoa kazi unayofanya sasa, ondoa mizaha yote isipokuwa ule unaokushusha wewe. Bakiza chumba chenye kunguni, ule muda uliongoja bila kujua kama mambo yatanyooka, na kwamba Novemba wafanye kila wawezalo wasifeli, na atakayefeli ajue kuna mtu wa shule hiihii aliyewahi kusomewa sifuri mbele ya darasa lile pale. Kisha mrudishie mshereheshaji kipaza sauti, watoto wakale.